Lebo Ndani ya Kola

Jumatano, saa tisa alasiri, chumba namba kumi na saba.
Jerotich ameketi ukingoni mwa kiti
kama mtu aliyeitwa kutambua maiti.
Mezani, insha yake juu ya maji ya mtungi huko Kayole,
kurasa kumi na mbili,
na mashine ya kukagua imeipaka manjano
kama kitambaa kilichomwagikiwa mchuzi wa binzari.

"Sikuiba, Mwalimu."

Najua.
Mwizi hufuta nyayo.
Wewe umenakili hata kosa la chapa
la mwenye kitabu.

Akatoa daftari. Jalada limevimba kwa unyevu.
Ndani, mwandiko mmoja, wino mmoja,
sentensi zake na za watu
zimelala kitanda kimoja, shuka moja.
Hakuna alama za kunukuu. Hakuna ukurasa. Hakuna jina.
Aliandika Februari, umeme ukikatikakatika,
kitabu kikidaiwa na wenzake watano;
Juni alipolifungua,
kila neno lilimwita mama.

Nikamsomea: *Kayole, kiu hulipiwa kabla haijakatwa.*
Hii ni yako?
Midomo yake ikaipitia bila sauti.
"Nadhani."
Na hii inayofuata?
"Hiyo… nilitamani iwe yangu."

Fomu ya kamati ya nidhamu ilikuwa kwenye droo.
Niliiacha humo.
Nikavua koti langu, la Gikomba,
nililolipata siku ya kufungua robota,
nikamgeuzia kola:
uzi mwekundu, jina la mtu nisiyemjua,
wa nchi nisiyoifika.
Miaka minne nalivaa. Linanikaa.
Julai, Nairobi ikigoma kuona jua, hunipasha moto.
Lakini sijawahi kumwambia mtu
kwamba nililishona.

Akacheka, kidogo tu. Ndipo tukaanza kazi.

Kalamu ya buluu: maneno ya mtu, yalivyo,
ndani ya alama zake, na ukurasa papo hapo,
si kesho, kesho husahau.
Ya kijani: wazo la mtu, kinywa chako.
Funga kitabu kwanza, kigeuze kifudifudi, kisha useme.
Nyeusi ni wewe.

"Ya kijani nayo inadai jina?
Hata nikibadilisha maneno yote?"

Mbuzi wa jirani, mnyoe unavyotaka,
jioni atarudi kwa jirani.

Akafikiri. Nje, mtu alikuwa akiburuta meza kwenye ukumbi.
"Na methali, Mwalimu? Methali ni za nani?"

Hapo nikanyamaza, maana sikuwa nimejiandaa.
Tunaanzaje, Jerotich, tukitaka kuitoa methali?
"Wahenga walisema…"
Basi.
Hata hao tusiojua makaburi yao
tunawataja kabla ya kufungua kinywa.

Aliondoka na wiki mbili na kalamu tatu zangu.

Usiku, nyumbani Ngara, nikipekua makaratasi ya zamani,
nikaona karatasi ya chuo cha ualimu, imefifia,
na pembeni, kwa penseli, mwandiko wa Bi Kadzo Mwaringa:
*Kunukuu ni kupiga hodi.*

Miaka kumi na mmoja, kila Septemba,
nimewaambia wanafunzi sentensi hiyo
kwa sauti ya mtu aliyeizaa.
Wengine wameiandika kwenye shukrani za tasnifu,
wakaweka jina langu chini.

Nikakaa na karatasi ile mpaka chai ikaota ngozi.

Ijumaa nikaiandika ubaoni.
Chini yake, kwa chaki inayovunjikavunjika: Kadzo Mwaringa.
Jerotich, safu ya tatu, akainakili,
akasita, akarudi mwanzo wa mstari,
akafungua alama, akazifunga. Kwa buluu.
Kisha mkono ukapanda.

"Mwaka gani, Mwalimu?"

Sikujua.
Nikasimama na chaki mkononi, darasa zima likinitazama,
nikaandika: *bila tarehe.*